Ziara ya Fort Jesus ianzie kwenye merikebu iliyozama

DIRA YA PWANI
Na Rukia Mwinyihaji

Kila muhula mabasi ya shule hupanga mstari nje ya Fort Jesus, Mombasa. Yapo ya Kwale na Kilifi, yapo ya Taita Taveta, na yapo yaliyotoka bara kabisa. Watoto hushuka, huhesabiwa, huingia langoni kwa makundi makubwa, huzunguka juu ya kuta, hugusa mizinga, hupigwa picha ya pamoja, kisha huharakishwa kurudi garini kwa kuwa ratiba ya siku hiyo hiyo ina Haller Park, feri ya Likoni na ufuo wa bahari. Ndani ya ngome hiyo kuna mkusanyiko wa vitu vilivyotolewa chini ya maji, kutoka merikebu ya vita ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná. Katika ratiba ya namna hiyo, vitu hivyo hupata dakika chache tu, na mara nyingi hupata mtazamo wa kupitia mlangoni. Nasema hapo ndipo ziara yote inapopotea. Mkusanyiko ule ndio darasa bora kuliko yote yaliyomo ngomeni, na ziara za shule zinapaswa kuanzia pale na kukaa pale, hata kama itabidi sehemu nyingine zote za siku hiyo zifutwe.

Tuanze na kisa chenyewe, maana ni kizito. Wareno walijenga Fort Jesus kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya msanifu wa Kiitalia, Giovanni Battista Cairati. Miaka 100 baadaye, Machi 1696, majeshi ya Oman yaliizingira. Mzingiro ule ulidumu hadi Desemba 1698. Ndani ya kuta njaa na tauni ziliua wengi kuliko risasi, na kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 Wareno waliokuwamo walikuwa wamekwisha. Aliyebaki akiishikilia ngome alikuwa Sheikh Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake, wanaume Waafrika wachache na wanawake Waafrika wapatao 50. Mwezi uliofuata ulifika msaada kwa njia ya bahari, na merikebu iliyouleta ilikuwa Santo António de Tanná, yenye mizinga 42. Mwezi wa Oktoba ilipoteza usukani ikazama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Mwaka mmoja na ushei baadaye Waomani wakaingia. Mtoto anayesimama leo juu ya ukuta unaotazama Bandari ya Zamani anaangalia maji yaliyoimeza, kisha akishuka ngazi anaweza kuona vyombo vilivyokuwa ndani yake. Ni mahali pachache sana duniani ambapo mwanafunzi anaweza kuona kwa macho yake, katika asubuhi moja, ngome iliyozingirwa, maji yaliyopiganiwa na shehena ya merikebu yenyewe.

Lakini kisa peke yake kingeweza kusomwa kitabuni. Kinachoufanya mkusanyiko huu uwe darasa ni namna tulivyokijua. Wapiga mbizi wa hapa Mombasa waliyagundua mabaki katika miaka ya 1960 na habari zikamfikia James Kirkman, aliyekuwa msimamizi wa Fort Jesus. Uchimbaji wenyewe ulifanyika kati ya mwaka 1977 na 1980, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yakishirikiana na Taasisi ya Akiolojia ya Baharini ya Marekani, chini ya uongozi wa Robin Piercy, huku Hamo Sassoon akiwa ndiye msimamizi wa ngome. Wapiga mbizi walipima na kuchora kila kitu pale kilipolala kabla ya kukigusa. Vilipatikana mizinga, kaure za Kichina, mitungi mikubwa ya udongo kutoka Asia, vyombo vya Kireno vilivyopakwa rangi, kapi za kamba na vifaa vya mbao. Mwili wa merikebu, yaani mkuku, mataruma na mbao zilizobaki, ulichorwa, ukafunikwa tena, ukaachwa chini ya bahari hadi leo.

Mwalimu yeyote wa historia aone utajiri ulio hapo. Udongo wa ngomeni umechanganyika. Juu ya tabaka la Wareno limekaa la Waomani, juu yake la Waingereza walioifanya gereza kuanzia mwaka 1895, na shimo moja la takataka laweza kuwa na vigae vya karne tatu. Merikebu iliyozama ni tofauti. Kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kinatumika, kinabebwa au kinauzwa katika wakati mmoja unaojulikana hadi mwezi. Kwa hiyo mwanafunzi wa gredi ya 7 anaweza kuulizwa maswali ambayo wataalamu wenyewe huyauliza. Kipi kati ya hivi kilikuwa mali ya merikebu, kipi cha askari, kipi cha mfanyabiashara? Merikebu ya vita iliyotumwa kuokoa ngome yenye njaa ilikuwa na haja gani na kaure za Kichina? Kwa nini mitungi ni mikubwa kiasi kile? Maswali hayo hayana jibu moja la kukariri. Yanamlazimu mtoto atazame, akisie, atoe sababu, na akubali kurekebishwa na mwenzake aliyetazama vizuri zaidi. Mtaala wa Umilisi umetuahidi elimu ya namna hiyo tangu ulipoanza kutekelezwa mashuleni, na walimu wengi wanahangaika kutafuta mahali pa kuitendea. Mahali papo, na pana kibao cha kukaribisha shule.

Walimu wa sayansi nao wasiachwe nyuma, kwa sababu kila chombo kilichotoka baharini kilifika nchi kavu kikiwa mgonjwa. Chuma kilichokaa majini kwa karne tatu kimejaa chumvi hadi ndani. Kikianikwa tu, chumvi hiyo hukutana na hewa na unyevu, kutu hushika kasi, na mzinga ulioonekana mzima huanza kupasuka na kumeguka. Ubao nao huonekana imara kwa sababu maji yameshika nafasi ya kile kilicholiwa na vijidudu. Maji yakikauka, vijumba vyake hubonyea, ubao hujikunja na kusinyaa. Ndiyo maana chuma hulowekwa na kutolewa chumvi kwa miezi, wakati mwingine miaka, na ubao hunyweshwa nta maalumu inayochukua nafasi ya maji polepole. Wasweden walipoiibua merikebu yao Vasa mwaka 1961, walilazimika kuinyunyizia nta hiyo kwa miaka 17. Mtoto akishaelewa hayo, ataelewa pia kwa nini mwili wa Santo António uliachwa ulipo. Uamuzi wa kuacha kitu mahali pake kwa sababu hatuna uwezo wa kukitunza tukikitoa ni uamuzi wa kisayansi, na ni uamuzi mgumu kuuelewa kwa mtu ambaye hajaona gharama ya upande wa pili.

Hapa nafika kwenye kiini cha hoja yangu. Ngome ina kuta, ina lango, ina askari na ina mkata tiketi. Kilicho chini ya bahari hakina hata kimoja kati ya hivyo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji, ulioanza kutumika 2009, unalinda mabaki yaliyokaa majini kwa miaka 100 au zaidi, unataka kuachwa yalipo kuwe chaguo la kwanza, unakataza kuyafanya bidhaa, na unazitaka nchi zilizojiunga ziuelimishe umma. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006. Sheria ni muhimu, lakini hakuna sheria inayopiga mbizi. Wanaoijua sakafu ya bahari yetu ni wavuvi, wapiga mbizi wa kamba na kaa, na vijana wanaowapeleka watalii kwenye miamba. Wao ndio hufika kwanza. Wao ndio huamua, katika dakika ile ya kwanza, kama kipande cha chuma chenye umbo la ajabu kitaachwa na kuripotiwa au kitafungwa kamba na kuvutwa juu.

Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, inatuonyesha uzito wa dakika hiyo. Katika maji yake yamo mabaki ya merikebu ya Kireno ya mwanzoni mwa karne ya 16, yaliyojulikana mwaka 2013. Ndani yake vimetambuliwa vipande vya shaba nyekundu na pembe za ndovu. Mwanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa, Caesar Bita, na mwenzake Filipe Castro wameandika mwaka 2024 kwamba huenda ni São Jorge, moja ya merikebu za safari ya mwisho ya Vasco da Gama, iliyopotea mwaka 1524. Wenyewe wanasema ushahidi hautoshi bado, na kazi inaendelea. Sasa fikirini. Shaba nyekundu ina bei kwa kila mnunuzi wa vyuma chakavu. Kipande kimoja kikiibuliwa na kuuzwa kwa kilo, kinapotea kipande cha ushahidi ambacho pengine kingejibu swali hilo. Anayeweza kukilinda kipande hicho kwa miaka 40 ijayo ni mtoto ambaye leo yuko gredi ya 5 katika shule iliyo karibu na ufuo huo, na ambaye baba yake huenda ni mvuvi. Mtoto huyo akipelekwa Fort Jesus, akaona kapi ya kamba iliyosafishwa na kuhifadhiwa, akaelezwa ilitoka wapi na ilituambia nini, atakuwa na sababu ya kumwambia mtu aiache kapi nyingine pale ilipo. Asipopelekwa, tunamdai ulinzi wa kitu ambacho hatukuwahi kumwonyesha.

Kuna la ziada linalonigusa zaidi kama Mswahili. Watu wa mwambao huu wamejenga vyombo vya baharini kwa karne nyingi. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Mtepe, chombo cha kushonwa kilichokuwa fahari ya visiwa vya Lamu, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na leo tunaujua kwa mifano midogo, picha na maandishi. Iwapo upo mtepe wa kale uliolala mahali fulani kwenye tope kati ya Kiunga na Vanga, atakayeuona kwanza hatakuwa profesa. Atakuwa mtu aliyeshuka kutafuta pweza. Na mbao zilizoshonwa, zisizo na mizinga wala shaba, ni rahisi mno kudhaniwa kuwa takataka.

Wapo watakaosema haya ni matumaini tu, kwamba watoto husahau ziara jioni ile ile. Upo ushahidi wa kuwajibu. Makumbusho ya sanaa ya Crystal Bridges yalipofunguliwa mwaka 2011 katika jimbo la Arkansas, Marekani, shule zilizoomba kuzuru zilikuwa nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo nafasi zikagawanywa kwa kura. Kura hiyo iliwapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas fursa adimu ya kulinganisha waliokwenda na waliokuwa bado hawajaenda. Walipima karibu wanafunzi 11,000 wa shule 123. Waliozuru walikumbuka mengi ya yale waliyojadili, na walipopewa mchoro wasiowahi kuuona, waliuchambua kwa umakini zaidi kuliko wenzao. Waliofaidika zaidi ni watoto wa vijijini na wa shule za wasiojiweza. Nakiri kwamba yale ni makumbusho ya sanaa na nchi ni nyingine. Hata hivyo, jambo moja katika utafiti ule linatuhusu moja kwa moja: watoto wale hawakuzungushwa kila chumba. Walitazama na kujadili michoro mitano hivi kwa muda wa saa moja. Vitu vichache, muda wa kutosha, maswali ya kweli. Ziara zetu ni kinyume cha hayo yote matatu.

Pingamizi la pesa ndilo zito kuliko yote, na sitalipitia juu juu. Mzazi wa kijijini akiambiwa achangie ziara, mara nyingi hulazimika kuchagua kati ya mtoto mmoja na mwingine, na mtoto asiyelipiwa hubaki shuleni akiwatazama wenzake wakipanda basi. Ziara inayowagawa watoto hivyo ina ubaya wake hata kama makumbusho yana mema mengi. Lakini tazameni fedha zinakokwenda. Kiingilio cha mwanafunzi ni kidogo ukilinganisha na mafuta ya basi, na basi ndilo linalolipiwa mzunguko mrefu wa vituo vitano au sita. Ukibakisha kituo kimoja, safari ya kutoka Mariakani, Msambweni au Mtwapa inakuwa ya nusu siku. Shule nyingi za upili zina mabasi yaliyonunuliwa kwa Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, na mengi hukaa uani katikati ya juma. Wabunge waliopiga picha siku ya kukabidhi mabasi hayo wanaweza kuomba yawahudumie pia watoto wa shule za msingi za jirani mara moja kwa mwaka. Katiba yetu nayo imeyaweka makumbusho kati ya kazi za kaunti. Kaunti zinazotumia fedha kwa tamasha za utamaduni za siku mbili zina njia ya kuwalipia watoto mafuta ya safari hiyo. Na kwa kuwa utafiti nilioutaja unaonyesha watoto wa wasiojiweza ndio wanaofaidika zaidi, umaskini ni sababu ya kuwaanza wao.

Kuhusu usalama, sina ubishi na mzazi anayeogopa barabara. Kenya imezika watoto wengi mno waliotoka shuleni kwa furaha. Ndiyo sababu nyingine ya kuufupisha mzunguko: basi linalotoka asubuhi na kurudi kabla ya alasiri halikimbizani na giza, na dereva hana sababu ya kufidia saa tatu zilizopotea kwenye foleni ya feri. Kwa shule za bara sitajidai. Safari ya siku nzima kutoka Kisii au Eldoret haiwezi kuhalalishwa kwa mkusanyiko mmoja peke yake, na hao wana haki ya kupanga mengine wakifika. Wito wangu ni kwa shule za pwani kwanza, ambazo bahari ni jirani yao.

Lipo pia swali la heshima, na nalisikia hasa kutoka kwa vijana: kwa nini tuwapeleke watoto wetu kuitukuza merikebu ya Wareno, watu waliochoma Mombasa zaidi ya mara moja? Nalichukua kwa uzito, kwa sababu ziara iliyoongozwa vibaya kweli inaweza kuwafanya watoto wadhani historia ya pwani ilianza na Vasco da Gama. Ila merikebu hii ikisomwa vizuri inafanya kinyume. Ilikuwa na bendera ya Ureno, lakini ilijengwa Bassein, mji wa India unaoitwa Vasai leo, takriban mwaka 1681. Vyombo vyake vilitoka China, Asia ya kusini-mashariki na Ulaya. Ilikuja kuokoa ngome iliyokuwa mikononi mwa sheikh wa Faza, dhidi ya jeshi la Oman, ambalo nalo lilikuwa na Waswahili upande wake. Mtoto akiyajua hayo hataweza tena kuridhika na hadithi ya Mzungu mmoja mbaya na Mswahili mmoja aliyetulia tu. Ataona kwamba babu zake walikuwa na siasa zao, washirika wao na maadui wao, na kwamba walifanya maamuzi yaliyobadilisha Bahari ya Hindi. Kuuficha ushahidi huo kwa sababu ya bendera ni kuwapokonya watoto sehemu yao wenyewe ya kisa.

Na wale wanaosema video kwenye kishikwambi inatosha, nawaambia itumieni darasani kabla ya safari, ifungue macho. Picha haiwezi kumwonyesha mtoto ukubwa halisi wa mtungi, wala haitamweka kwenye ukuta ambao maji yaliyoizamisha merikebu yanaonekana chini yake. Isitoshe, shule zisizo na umeme wa kutegemewa ndizo zinazoambiwa zitosheke na video.

Kwa hiyo naomba mambo mahususi. Walimu wakuu wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, mnapopanga ratiba ya mwaka ujao, futeni vituo vingine na mkae saa mbili na vitu vya Santo António. Gaweni watoto kwa makundi madogo, kila kundi lipewe vitu vitatu vya kuchora na kujadili, na swali moja la kurudi nalo darasani. Mwalimu wa sayansi aandamane na mwalimu wa historia. Makavazi ya Kitaifa, tayarisheni kijitabu cha Kiswahili cha mwanafunzi kwa ajili ya mkusanyiko huo, na muwape waongoza wageni mafunzo ya kuuliza badala ya kuhutubia. Walio Lamu waianze ziara mjini kwao, kwenye mifano ya mtepe, kabla ya kuvuka kuja Mombasa. Serikali za kaunti, lipieni mafuta. Na basi la kwanza litoke Ngomeni.